Hodi Kumi na Nne

Jumanne, tarehe 10 Agosti 2094, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi. Ukungu ulikuwa umelala juu ya Mlima Lihangwe tangu Ijumaa, manyunyu yakianguka bila haraka, na kipimajoto kilichotundikwa mlangoni pa kibanda cha wahandisi kilionyesha nyuzi sita. Ndani ya kibanda hicho Mhandisi Otmari Haule, mtu wa miaka hamsini na minane, alikuwa ameketi na koti lake la mvua mwilini, akisoma orodha ambayo kwa muda mrefu hakuna aliyeisoma.

Orodha ilitolewa na Sikio. Sikio lilikuwa mtambo: nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, zilizochomekwa ndani ya mwamba kila baada ya mita mbili kwa urefu wote wa handaki la reli lililokuwa likichimbwa kuelekea mgodini, kilometa sita, na akili isiyolala iliyopima kila sauti iliyopita ndani ya nyuzi hizo. Tangu ilipotungwa Sheria ya Ushahidi wa Mwamba, baada ya miaka mingi ya wakaguzi wala rushwa na mahandaki yaliyowazika watu, neno la binadamu kuhusu usalama wa mwamba halikupokelewa tena mahali popote nchini. Sikio likisema salama, watu waliingia. Likisema hatari, walitoka. Binadamu alibakiziwa kazi moja tu, kuwa mlezi wa Sikio: kulifundisha sauti ipi lisikilize na ipi lipuuze. Kila funzo liliandikwa mahali pasipofutika, kwa Mamlaka iliyosimamia sheria hiyo, na chini yake jina la mlezi aliyelitoa.

Kila Jumanne Sikio lilitoa orodha ya sauti lilizozipuuza wiki iliyopita. Mlezi alitakiwa kuisoma na kutia saini. Otmari alikuwa ametia saini kila Jumanne kwa miezi kumi na minne. Kusoma aliacha mwezi wa tatu wa kazi hiyo, wiki ambayo kwa siku saba alilala jumla ya saa tisa tu, na baada ya hapo hakurudia. Leo aliisoma kwa sababu ilikuwa saini ya mwisho. Saa nane mchana mita nne zilizosalia kati ya handaki na mgodi zingepasuliwa kwa baruti, na hakutaka saini ya mwisho ifanane na zile nyingine.

Mstari wa arobaini na moja ulisema hivi: *Jumapili, 8 Agosti. Kuanzia saa nane na dakika tatu mchana hadi saa nane na dakika kumi na moja. Hodi kumi na nne. Zimepuuzwa.*

Otmari alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Mstari haukubadilika. Jumapili ilikuwa Nane Nane. Kikosi kizima kilishuka mjini kwenye maonyesho ya wakulima, na yeye mwenyewe ndiye aliyefunga lango la handaki kwa kufuli. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake siku nzima.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Aliyeingia alikuwa Kastori Mlowe, mkuu wa zamu zote, mtu mrefu aliyemzidi Otmari miaka minne, akiwa amebeba birika la chai kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa na vidole viwili tu.

"Mdogo wangu, umevaa koti ndani ya nyumba. Unasafiri?"

"Kaka, keti."

"Nikiketi sitainuka. Magoti yangu yana akili zao siku hizi. Sema tu." Akamimina chai vikombe viwili. "Mabehewa yote sita nimeyafagia mwenyewe. Saa nane tunapasua, saa kumi na moja vifusi vimezolewa na reli ya muda imefika, jioni watu mia moja themanini na sita waliokwama mgodini wanakula ugali wa moto. Mwanangu Redempta nimemwekea blanketi la mama yake."

"Jumapili nani aliingia handakini?"

"Nane Nane? Labda panya. Sisi tulikuwa mjini tukitazama ng'ombe wanaovalishwa utepe. Wewe uligombana na yule mama wa asali, ukamwambia ameitia sukari."

"Aliitia."

"Ndiyo, aliitia. Lakini si lazima kila kweli isemwe mbele ya wateja."

Otmari alimgeuzia orodha, akaweka kidole kwenye mstari wa arobaini na moja. Kastori alisoma akiwa amesimama. Kisha akaketi.

*

Wafanyakazi wa Lihangwe hawakuingia handakini bila kupiga hodi. Kila mmoja, wa cheo chochote, alisimama kwenye tao la kwanza la chuma, akaligonga mara tatu kwa nyundo, akasema hodi kama mtu aliyefika kwenye nyumba ya wengine, ndipo akapita. Desturi hiyo ilianzishwa na Kastori. Hakuwahi kuwaeleza vijana wake ilikotoka, nao hawakuuliza.

Ilitoka kwenye handaki jingine, miaka kumi na saba nyuma, ambako dari ilianguka na Otmari akabaki chini yake. Wakubwa waliandika kwamba hakuna aliye hai. Kastori alirudi ndani peke yake na nyundo, akagonga bomba la maji mara tatu, akasikiliza, akasogea, akagonga tena. Katika saa ya nne bomba lilijibu mara tatu. Ilimchukua saa saba nyingine kumfikia, na katika kumvuta jiwe liliteleza likamwachia vidole viwili. Kwa muda wa miaka kumi na saba hakulitaja jambo hilo kama deni. Otmari ndiye aliyelitaja, kila mwaka siku ileile, na kila mwaka Kastori alijibu, "Nitakudai nikizeeka."

Hodi hizo zilikuja kuwa tatizo la kiufundi. Watu kumi na tisa wakigonga chuma mara tatu tatu, sauti ilikimbia kando ya reli, Sikio likadhani mwamba unapasuka, kengele zikalia na kazi ikasimama dakika arobaini kila zamu. Njia ya sawasawa ilikuwa kupiga marufuku hodi. Otmari alilijua hilo siku ileile. Lakini Kastori alikuja kibandani akasema, "Hii usininyang'anye," naye hakuweza kuinyang'anya. Akalifundisha Sikio badala yake: katika dakika kumi na tano za kubadilishana zamu, kila mfululizo wa migoto mifupi, kuanzia miwili hadi mitano, uhesabiwe hodi moja na upuuzwe. Alilegeza kipimo kwa sababu mikono iliyochoka haigongi sawasawa. Chini ya funzo aliandika jina lake lote, kwa mwandiko uliomletea sifa shuleni.

Asichokumbuka ni saa. Zamu ilibadilishwa saa nane mchana, muda ambao upande wa pili, ndani ya mgodi, ulikuwa muda wa kupasua baruti, kwa sababu uleule kwamba watu huwa wametoka njiani. Mwamba uliotikiswa na baruti hausemi papo hapo. Hukaa dakika chache, kisha hujipanga upya, na katika kujipanga hupiga migoto mifupi inayofuatana, miwili, mitatu, minne. Kwa miezi kumi na minne mlima ulikuwa ukigonga kutoka ndani na Sikio likiitupa migoto yake pamoja na hodi za watu. Siku ya Nane Nane tu ndipo mlima ulipogonga peke yake.

*

"Ni kumi na nne," Kastori alisema mwishowe. "Siku moja. Mwamba wote hulia."

"Nimerudi nyuma hadi Juni. Tarehe 2 Agosti mlikuwa watu kumi na tisa, yaani hodi kumi na tisa. Sikio limepuuza thelathini na tatu. Julai mwanzoni zilikuwa zinazidi kwa tatu au nne. Zinaongezeka, kaka, na zote zinatoka mita mia mbili za mwisho."

"Sikio linasemaje kuhusu leo?"

"Linasema salama."

"Basi."

"Linasema salama kwa sababu mimi nililiziba."

Kastori alikunywa chai yote kwa mkupuo mmoja ingawa ilikuwa ya moto. Nje mashine ya kuchoronga mwamba ilikuwa inapashwa moto, na sauti ya Anyosisye, dereva wake, ilisikika ikimtania mtu kuhusu viatu.

"Ukiwaambia Mamlaka, itakuwaje?" Aliuliza swali ambalo jibu lake alilijua.

"Funzo moja likikutwa na kosa, ushahidi wote wa Sikio unabatilika. Handaki linafungwa. Linaletwa Sikio jipya, lisilofundishwa, lisikilize siku tisini kabla ya kusema neno."

"Siku tisini."

"Ndiyo."

Hakuna kati yao aliyehitaji kuambiwa siku tisini ni nini. Masika yaliyopita maporomoko yaliichukua barabara pekee iliyozunguka kuta za mgodi hadi chini, mita mia tisa, na watu mia moja themanini na sita waliokuwa zamu wakabaki kwenye sakafu yake. Helikopta ilijaribu mara mbili ikarudishwa na upepo uzungukao ndani ya shimo kama maji kwenye sufuria. Vyombo vidogo visivyo na rubani viliwashushia unga, dawa na barua, kilo arobaini kwa safari. Hawakuweza kupandisha mtu. Mwezi wa nne sasa watu hao walikuwa wakila vipimo, wakivuta vumbi, na kujipasulia kwa baruti zao wenyewe jukwaa la mawe ambapo treni ingetokea. Muuguzi wao alikuwa Redempta, mtoto pekee wa Kastori.

"Nisikilize vizuri," Kastori alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, isiyo na mzaha hata kidogo. "Baruti moja, treni moja. Baruti zimepigwa siku mia nne na mlima haujaangusha kitu, utashindwa na moja? Wakitoka wote, kesho asubuhi nenda Mamlaka, sema kila kitu, na mimi nitasimama kando yako niseme hodi zilikuwa zangu. Naomba saa kumi na mbili tu za kunyamaza."

"Na dari ikishuka juu ya mabehewa?"

"Itashuka?"

"Sijui."

"Unaona! Hujui!"

"Sijui, kaka. Ndiyo maana siwezi kuandika kwamba najua."

Kastori alinyoosha mkono wa kushoto, akauweka juu ya meza, juu ya orodha. Haikuwa tabia yake kuuonyesha.

"Miaka kumi na saba unaniambia una deni langu. Nilisema nitakudai nikizeeka. Nimezeeka, Otmari. Nakudai leo. Nipe hizi saa kumi na mbili."

Otmari aliutazama ule mkono. Alifikiria bweni la shule aliyosoma, vitanda thelathini na sita, na daftari la zamu ambalo yeye, kiranja, alitia saini kila jioni kuthibitisha kwamba amewahesabu waliolala. Jioni moja alitia saini bila kuhesabu, na asubuhi mvulana mmoja akakutwa nje ya ukuta na mguu uliovunjika, amelala kwenye umande tangu jioni. Hakuchapwa. Mwalimu wa zamu alimwamuru tu asome saini yake kwa sauti mbele ya bweni zima. Alikuwa na miaka kumi na sita, na alikuwa ameishi tangu hapo kama mtu ambaye jambo hilo haliwezi kumpata tena.

"Deni lako ni uhai wangu," alisema. "Ungeudai, ningekupa. Unachodai ni cha watu mia moja themanini na sita, mwanao akiwamo, na dereva wa treni. Hicho sina. Sikulipi, kaka."

Kastori aliuondoa mkono. Alinyanyuka kwa kushika ukingo wa meza, na magoti yakalia kweli.

"Laiti ungekuwa na ukali huo mwezi wa tatu," alisema, "ulipokuwa unatia saini."

Otmari aliikunja orodha, akaitia mfukoni.

*

Kabla ya kuwapigia Mamlaka alipiga simu ya waya iliyoshuka mgodini. Sheria haikumtaka afanye hivyo. Kastori alisimama mlangoni, mgongo kwake, akitazama ukungu.

"Shikamoo, baba mdogo," sauti ya Redempta ilisema. "Tumeshafunga mizigo. Kuna mtu hapa amefunga na jiwe, anasema ni zawadi ya mkwe wake. Mwambie baba kwamba Eginald kifua kimembana, naomba abebwe behewa la kwanza."

"Marahaba. Redempta, weka simu wote wasikie."

Alieleza kwa dakika sita. Alisema alichofundisha na kwa nini, alichotia saini bila kusoma, na kwamba leo hakuna treni. Hakusema samahani katikati kwa sababu aliona ingekuwa njia ya kuwaomba wamfariji. Alipomaliza zilisikika kelele za watu wengi kwa pamoja, halafu sauti ya mwanamume mmoja aliyetukana kwa utulivu na ufasaha hadi pumzi ikamwishia.

Redempta alirudi. "Eginald hana siku tisini. Hana hata ishirini."

"Najua."

"Kama ungenyamaza, tungepanda hiyo treni tukiimba."

"Ndiyo."

"Basi umefanya vizuri kutuambia," alisema, na sauti yake haikuwa ya shukrani hata kidogo. "Ngoja." Wakasikika wakibishana mbali na simu. "Baba mdogo, kutoka upande wetu ukuta unene wake ni mita nne?"

"Nne na robo."

"Bila baruti, mlima unakasirika?"

"Kwa nyundo na tindo? Unasikia, lakini haukasiriki."

"Sisi tuna tindo," Redempta alisema. "Na hatuna kazi nyingine."

Akakata.

Kwa Mamlaka mambo yalikwenda haraka. Bwana Shekalaghe, msajili wa walezi, mtu mpole mwenye uso wa mhasibu, alisikiliza kwenye kioo cha mawasiliano, akaandika, akauliza mara moja tu kama mlezi anaelewa matokeo. Otmari akasema anaelewa. Saa nne na dakika tano asubuhi taa za kijani za Sikio zilizimika, moja baada ya nyingine, kilometa sita, na jina lake likaondolewa kwenye daftari la wahandisi wa Jamhuri. Lilikuwa limekaa humo miaka thelathini na mmoja. Alivua beji, akaiweka ndani ya kikombe cha chai kilichokuwa kimepoa.

"Sheria inamkataza mwajiri kumtuma mtu ndani," alimwambia Kastori, ambaye bado alikuwa amesimama mlangoni. "Nimeisoma yote. Haisemi lolote kuhusu mtu anayekwenda mwenyewe."

Kastori alitema mate kwenye matope. "Wewe ungekufa ukishika kanuni mkononi." Kisha akaenda kutafuta tindo.

*

Walikwenda ishirini na mmoja, kwa hiari, wakipokezana watano watano. Mashine ilibaki nje. Siku ya kwanza Anyosisye alifika kwenye tao la kwanza akainua nyundo kwa mazoea, Otmari akamshika mkono.

"Hatugongi."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Tunahitaji kusikia."

"Tangu nizaliwe sijaingia kwa mtu bila hodi," Anyosisye alinung'unika. "Leo tunaingia kama wezi wa kuku. Na mlima huu ukitushika, nitasema nilitumwa na msomi."

"Sema hivyo," Otmari alijibu. "Ni kweli."

Kazi ilikuwa ya watu wa zamani sana. Mmoja alishika tindo, wa pili akapiga nyundo iliyofungwa gunia, wa tatu alizoa vifusi kwa mikono na kuviweka kwenye ndoo ili koleo lisikwaruze. Hawakuchimba njia ya treni, walichimba tundu la mtu kupita akitambaa, upana wa mabega na kiganja kimoja. Otmari hakuchimba. Aliketi hatua ishirini nyuma yao, chini ya dari aliyoiogopa kuliko zote, ncha ya mtaimbo mrefu ikiegemea mwamba na ncha nyingine ikiegemea mfupa ulio nyuma ya sikio lake, kama walivyofanya wachimbaji kabla ya nyuzi za kioo kuvumbuliwa. Akiinua mkono, nyundo zilisimama. Akiinua mikono yote miwili, walirudi nyuma wote mita mia tatu wakangoja nusu saa, kisha wakarudi.

Siku ya kwanza aliinua mikono yote mara tisa. Siku ya tatu mara nne. Alikuwa akisikia chuma hata alipolala. Shingo yake iligoma kugeuka upande wa kushoto, akawa anageuka mwili mzima kama mlango. Kastori alichimba zamu yake na ya mtu mwingine, akishika tindo kwa vidole viwili na kiganja, na kwa siku sita hakumwambia Otmari neno lisilohusu kazi.

Siku ya saba, Jumatatu, waya wa simu ulileta habari asubuhi. Eginald Mtweve, dereva wa lori, miaka arobaini na mitatu, alikuwa amefariki alfajiri. Redempta alisema alikuwa ameketi wima ili apumue na akafa akiwa ameketi. Alitaja majina ya watoto wake watatu ili yaandikwe vizuri kwenye barua.

Kastori aliiweka simu chini taratibu. Walikuwa wawili tu kibandani.

"Jumanne angekuwa hospitali," alisema.

"Ndiyo."

"Siku saba tunatambaa humo ndani. Hakuna hata kokoto lililoanguka. Hata moja, Otmari!"

"Ndiyo."

"Huoni haya?"

"Naona haya tangu Jumanne. Lakini si kwa hilo unalosema."

Kastori alimkazia macho, halafu akachukua kofia yake ngumu na kutoka. Zamu yake ilikuwa imefika.

*

Alhamisi tarehe 19, saa tisa alasiri, tindo la Anyosisye lilizama ghafla hadi kwenye ngumi yake. Alilivuta, na kupitia tundu dogo kuliko sarafu ukaingia upepo mkavu wenye harufu ya vumbi la chuma na moshi wa kuni. Kabla hajasema kitu, upande wa pili ukagonga. Mara tatu, taratibu, kwa kitu chepesi, labda kijiko.

Watu wote watano walimgeukia Otmari. Aliukaza mtaimbo kwenye mfupa wa sikio, akafumba macho, akasikiliza kwa muda uliowachosha. Kisha akaushusha.

"Huyo ni mtu," alisema. "Mjibuni."

Kastori aligonga mara tatu kwa fundo la kidole.

Walipita mmoja mmoja kuanzia saa kumi na mbili jioni ile hadi mchana wa Ijumaa, wakitambaa, kisha wakitembea kilometa sita kwa miguu bila kusemezana, kama Otmari alivyoagiza. Walitoka wekundu kwa vumbi kuanzia nywele hadi kucha, wakafumba macho mbele ya ukungu mweupe. Wengine waliketi kwenye majani yaliyolowa na kuyashikashika. Eginald alipitishwa katikati yao, amefungwa kwenye turubai, na waliokuwa mbele na nyuma yake hawakumwachia mtu mwingine kumbeba. Redempta alitoka wa mwisho, kama watu walivyojua atafanya. Alimsalimia baba yake, akamkumbatia kwa muda mrefu, kisha akaja mbele ya Otmari.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba."

Aliinamisha kichwa kidogo, akavuta blanketi la mama yake begani, akaenda kuketi karibu na turubai.

Otmari alikuwa ameshafunga sanduku lake. Lori la kumpeleka mjini lilikuwa linangoja, na kule Mamlaka walimngoja na karatasi nyingi za kutia saini, ambazo alikuwa amekusudia kuzisoma zote. Kastori alimsindikiza hadi lango la handaki. Kwenye tao la kwanza la chuma alisimama, mkono wake wa kushoto ukainuka wenyewe kama wa mtu anayetaka kugonga, kisha akauweka mfukoni.

"Nimemwona mwanangu," alisema. "Umeketi siku kumi chini ya ile dari kwa ajili yake. Mimi si mtu wa kinyongo. Tuseme tumelipana."

Otmari aligeuka mwili mzima ili amtazame.

"Hatujalipana. Mwanao ametolewa na watu ishirini na mmoja, na wewe ukiwa mmoja wao, na wale wa upande wa pili waliochimba na njaa. Wewe ulinidai kitu kimoja, Jumanne ile, na nilikunyima. Eginald amekufa na bado ningekunyima. Usinifutie ili nisafiri mwepesi."

"Basi unaondoka na deni langu?"

"Naondoka nalo."

Kastori alitikisa kichwa polepole. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hasira haikupata mahali pa kusimama.

"Kichwa kigumu," alisema. "Haya. Nenda nalo."

Otmari akabeba sanduku lake, akapanda lori.